Nimekuja Kuiona Ngome

Barua ya mjomba ilinikuta Vällingby, kitongoji cha Stockholm, siku ya Jumanne, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku yangu ya kufua. Bibi mwenye nyumba alikuwa ametundika orodha ukutani inayoonyesha kila mpangaji na siku yake. Mpangaji nilikuwa peke yangu, lakini orodha ilikuwapo na niliiheshimu. Nilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, mikono imejaa povu, nikaipasua bahasha kwa meno kwa sababu nilikuwa nimekaa wiki saba bila kupata hata mstari mmoja kutoka kwetu.

Mjomba alikuwa karani wa kanisa kule Njombe na aliandika kikarani. Alianza na salamu za watu kumi na mmoja, akaingia kwenye mvua, akatoka kwenye mvua akaingia kwenye viazi, akanieleza habari za ng'ombe aliyezaa pacha. Chini kabisa, pale karatasi ilipokuwa inamwishia, akaandika kwamba mwalimu wetu wa darasa la tatu amefariki na wamekwisha kumzika. "Bintiye aliye huko kwenu bado hajui," aliandika. "Usimwandikie. Habari ya namna hii haiandikwi. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako, akiwa ameketi, na akiwa amekula."

Eti huko kwenu. Mimi nilikuwa Stockholm nikijifunza ufundi wa pampu za maji. Binti wa mwalimu alikuwa Finland, ambako wamisionari waliojenga hospitali yetu walimpeleka asomee uuguzi. Kwa mjomba, nchi hizo zilikuwa kama Njombe na Makete: unaamka alfajiri, unafunga kiatu, jioni umefika. Kesho yake niliifungua atlasi ya shule nikautafuta ule mji. Niliukuta mashariki kabisa, pembezoni, pale ambapo rangi ya Finland inakwisha na rangi ya Urusi inaanza. Ilikuwa safari ya meli usiku mzima, halafu treni kutwa nzima.

Huyo binti hatukuwa na undugu wa damu, ila baba yake alikuwa amenichapa viboko vya kutosha kunifanya mtoto wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa njia ndefu, na siku aliyonikuta natafuna muwa darasani alinisimamisha mlangoni nikiwa nimeushika kama bunduki mpaka kengele ya mchana. Tulimwogopa na tulimpenda. Barua zote nilizowahi kuandika maishani mwangu, mwandiko wake umo ndani yake. Krismasi iliyopita binti yake alikuwa amenitumia kadi yenye picha ya ngome ya mawe, minara mitatu ya mviringo imesimama majini, na nyuma akaandika: siku moja uje uione, nitakupikia.

Bibi mwenye nyumba aliniona usoni nilipopanda ngazi na nguo zangu. Akauliza, nikamweleza kwa Kiswidi changu cha kuokoteza. Akaonyesha simu iliyokuwa kwenye meza ndogo ya ukumbini, akasema niitumie nitakavyo. Ulikuwa wema wa kweli. Kwa mtu aliyeandika kwenye karatasi saa za kutumia maji ya moto, ilikuwa zawadi kubwa. Nilishindwa kumweleza kwamba kwetu kifo hakirushwi kutoka mbali kama jiwe. Mtu huitwa ndani, akaketishwa, akapewa maji. Wakubwa hutazamana, mmoja akakohoa, na maneno huwekwa chini polepole kama mzigo unaotuliwa na watu wawili. Mjumbe hauawi, ndivyo tunavyosema, lakini mjumbe lazima uso wake uonekane.

Kwa hiyo nitakwenda, niliamua. Na hapa sina budi kusema jambo la aibu. Nilipoanza kupanga ile safari, moyo wangu ulifurahi.

Nilikuwa na miezi saba sijakaa na mtu nikazungumza Kiswahili saa nzima. Watanzania wachache niliowajua mjini walikuwa wamemaliza mafunzo na kurudi, au wamepelekwa miji mingine. Shuleni tulizungumza pampu. Kwenye treni ya kwenda na kurudi Vällingby, ile ya njia ya kijani, hakuna aliyezungumza chochote na yeyote; watu walikaa wakitazama mabega yao wenyewe kwenye kioo. Nyumbani bibi alizungumza na paka. Mimi nilizungumza na sufuria. Nilikuwa naiuliza imeamkaje, naiambia isiniunguzie wali, na siku moja niligundua kwamba nilikuwa nimeifokea sufuria kwa dakika nyingi, kwa hoja na mifano, na baada ya kuifokea nikajisikia vizuri kama mtu aliyetoka kwenye baraza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Msiba wa mtu mwingine ukanipa sababu ya kusafiri, na nikaupokea.

Nilihangaika na karatasi za polisi na ruhusa ya shule kwa wiki nzima. Nilipewa Ijumaa moja tu, maana Jumatatu kulikuwa na mtihani. Kisha nikanunua kadi yenye picha ya jumba la mfalme nikamwandikia: "Nakuja Jumamosi kuiona hiyo ngome yako." Nilijipongeza kwa ujanja. Sikuandika uongo, sikuandika kifo, na yeye angeniona kama mgeni tu wa kawaida hadi wakati ufaao.

Meli iliondoka Alhamisi jioni ikiwa imejaa Wafini waliokuwa wakifanya kazi viwandani Sweden, wanakwenda kwao mwisho wa wiki wakiwa na masanduku na furaha. Nililala kwenye kiti. Ijumaa nilikaa kwenye treni tangu asubuhi nikitazama miti na maji, halafu miti na maji tena, nikifanya mazoezi ya maneno yangu. Kila nilipoanza na "Dada, dunia ndiyo hivi" nilijiona mnafiki. Nilipoanza na "Mungu alitoa" nilijiona mchungaji. Jioni nilifika, nikapata chumba karibu na stesheni, maana nyumba ya wauguzi haikuruhusu mgeni wa kiume kulala.

Asubuhi alikuwa amesimama kwenye lango la nyumba yao kabla sijafika. Alikuwa amefunga kitenge juu ya suruali ya sufu, na soksi nene hadi magotini. Aliponiona kwa mbali akapaza sauti, "Kamwene!" na mwanamke aliyekuwa akipita na kigari cha mtoto akashtuka. Nilikuwa sijasalimiwa kwa kilugha chetu tangu uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nikaitikia, tukashikana mikono, hatukuachiana mpaka tumemaliza salamu zote, na yeye akawa anacheka huku analalamika kwamba nimekonda na kwamba Waswidi hawajui kulisha watu.

Akaniuliza habari za meli. Akaniuliza habari za treni, za bibi mwenye nyumba, za paka wa bibi, za pampu. Nilijibu yote kwa urefu. Habari za nyumbani hakuniuliza, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hakuniuliza, nikadhani ni ile furaha ya kuonana imemsahaulisha.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia kwenye chai. Lakini akasema chai tutakunywa baadaye, kwanza twende sokoni bandarini kabla samaki hawajaisha. Nikasema sawa, mjomba mwenyewe aliagiza awe amekula. Sokoni palikuwa na akina mama wamefunga vilemba, wanauza samaki wadogo wa ziwani wenye kung'aa, na mimi nikasema hao si usipa hao? Akasema ndivyo alivyosema naye siku ya kwanza, na aliponunua wa kwanza akawaanika dirishani kama tunavyofanya na usipa wa Ziwa Nyasa, mpaka msimamizi wa nyumba akaja kuuliza ni nini kimekufa. Tulicheka mpaka muuza samaki naye akacheka bila kujua sababu. Akafungiwa samaki kwenye gazeti, akawatia mkobani, tukaelekea kwenye ngome.

Mji ule ni mdogo na umekaa juu ya visiwa, maji kila upande. Mwisho wake, peke yake juu ya mwamba katikati ya mkondo, ndipo ilipo ngome. Unaifikia kwa daraja linaloelea. Ilikuwa mwisho wa Septemba, majani yameiva rangi ya ndizi mbivu, na watalii hawakuwapo tena isipokuwa mume na mke wazee wa Kifini na sisi wawili. Binti aliyekuwa akituongoza alizungumza Kifini, na mwenzangu akawa ananitafsiria. Ni hiyo tafsiri ninayoikumbuka kuliko mawe. Kulikuwa na bwana mkubwa mmoja, akasema, miaka mia tano nyuma, alitumwa na wakubwa wa Sweden ajenge boma hapa mpakani kuwazuia watu wa mashariki. Waashi wakajenga huku wanapigwa mishale. Baadaye watu wa mashariki wakalichukua wakakaa humohumo ndani ya boma lililojengwa kuwazuia. Kisha nao wakaondoka. Mpaka ukawa unahamahama kama ng'ombe asiye na zizi.

Alinitafsiria kila kitu, hata mambo ambayo nadhani yule binti hakuyasema. Kuta zilikuwa na unene wa vyumba. Ngazi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba bega moja linatangulia. Tulionyeshwa choo cha askari, tundu tu kwenye kiti cha jiwe linaloning'inia juu ya maji, na mwenzangu akasema kwamba mtu aliyeketi pale wakati wa baridi ndiye shujaa wa kweli wa vita hivyo. Tuliambiwa habari za kondoo dume mweusi aliyekuwa akifugwa ngomeni. Siku moja maadui walipozunguka, kondoo yule alipanda ukutani akasimama na pembe zake, na maadui waliokuwa kwenye mitumbwi wakadhani ni shetani wakakimbia. Nikasema kondoo huyo alistahili kupewa cheo. Akasema huenda alipewa, ndiyo maana Wafini hawamzungumzii kwa dhihaka.

Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nifike Ulaya, na barua ya mjomba ilikuwa mfukoni mwa koti.

Juu ya mnara yule binti aliyetuongoza alionyesha kidole mashariki, akasema mpaka uko kule, mwendo wa basi kama saa moja na nusu. Nikatazama sana. Niliona maji, na miti, na nyuma ya miti miti mingine iliyo sawa kabisa na ya kwanza. Mwenzangu akaegemea jiwe. Akasema nusu ya wazee anaowauguza walizaliwa upande ule. Wakati wa vita waliambiwa wafunge virago mara moja, wakakamua ng'ombe mara ya mwisho wakaondoka, na tangu siku hiyo hawaruhusiwi kurudi hata kutazama makaburi. Kuna wengine ambao kila asubuhi wanauliza kama leo ndiyo safari ya kurudi nyumbani, na wauguzi wamefundishwa kujibu kwamba leo kuna baridi sana.

"Na wewe unawajibu hivyo?" nilimuuliza.

Akasema yeye huwa hajibu. Hukaa kitandani tu akawashika mkono, mpaka aitwe na mgonjwa mwingine.

Nilifumbua mdomo pale. Neno la kwanza lilikuwa tayari. Lakini alikuwa amesimama, tena hajala, na upepo ulikuwa mkali. Mjomba alisema akiwa ameketi na akiwa amekula. Desturi ni kitu kizuri sana kwa mtu mwoga. Nikafunga mdomo nikasema samaki wataharibika.

Nyumba ya wauguzi ilikuwa na jiko moja la wote ambamo wageni waliruhusiwa mchana. Alisonga ugali kwa unga wa ngano wa chengachenga ambao wenzetu wale huwapikia watoto uji, na kwa kweli ulishikamana, ingawa ulikuwa mweupe mno na wenye aibu. Samaki aliwakaanga wakavunjika mdomoni. Tulikula kwa mkono kwenye sahani moja. Muuguzi mwenzake akaingia, akachemsha yai, akatazama mikono yetu, akatoka na yai lake. Nilingoja atoke. Nilingoja ugali uishe. Nilingoja mwenzangu anawe, na ajifute, na aketi tena. Hakukuwa na kitu kingine cha kungoja.

"Dada," nikasema, "nimetumwa."

"Najua umetumwa," akasema. "Ni baba au ni mama?"

Maneno yote niliyoyapanga kwenye treni yalitoweka. Nikasema, "Baba."

"Mama yupo?"

"Yupo. Mzima."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Akauliza ni lini, nikamwambia. Akauliza kama amekwisha kuzikwa, nikampa barua aisome mwenyewe. Aliisoma yote, na salamu za watu kumi na mmoja, na ng'ombe na pacha. Alipofika chini akaikunja akairudisha juu ya meza karibu na mkono wangu.

"Kadi yako ilifika Jumanne," akasema. "Nani wa kwetu anasafiri siku mbili kuja kutazama mawe? Tangu Jumanne nimewazika wote wawili. Leo asubuhi nimekupokea pale langoni nimewazika wote wawili."

Hakusema kwa hasira. Heri angenikasirikia. Nilimuuliza kwa nini basi hakuniuliza tangu asubuhi, kwa nini alinitembeza ngome nzima, ghorofa kwa ghorofa, na kunitafsiria habari za kondoo.

"Nilikuona una njaa," akasema. "Si ya ugali. Ulikuwa unaongea kama mtu aliyefungwa. Nikasema acha ashibe kwanza."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe, mimi ndiye niliyepewa maagizo ya kumtunza, kumketisha, kumlisha. Na kutwa nzima yeye ndiye aliyekuwa akinilisha mimi, huku amebeba maiti mbili, akiogopa kuuliza ni ipi aitue. Na mimi nilikuwa najiona mpole.

Alisimama akaanza kuosha vyombo. Aliosha sahani yetu, sufuria, kisha akaosha na vikombe vya watu wengine vilivyokuwa vimeachwa kwenye beseni. Kisha akafunga bomba akasimama ameshika ukingo wa beseni, amenipa mgongo.

"Kaka," akasema, "hapa mtu analia wapi?"

Mlangoni mwa jiko palikuwa na tangazo lenye herufi nyekundu. Sikujua Kifini lakini alikuwa amekwisha kunieleza asubuhi, kwa utani, kwamba linasema watu wa zamu ya usiku wamelala, kila mtu afunge mlango taratibu na asiongee kwa sauti kwenye ukumbi. Juu yetu, chini yetu na pembeni yetu kulikuwa na wasichana waliochoka, wamelala nyuma ya kuta nyembamba. Kwetu, mwanamke akipata habari ile hupiga yowe moja, na yowe hilo si la kwake peke yake. Jirani wa kwanza hulipokea, wa pili hulipokea, na kabla ya jua kusogea uwanja umejaa wanawake na mikeka, mtu analizwa mpaka machozi yamwishie na hakuna anayemwambia anyamaze. Kifo cha wengi harusi. Pale, yowe lile lingemleta msimamizi wa nyumba, na daktari, na sindano.

Nikamwambia twende nje. Tukatembea kando ya maji. Kila penye benchi palikuwa na mtu, na kila pasipo na mtu palikuwa na dirisha la mtu. Tulipita watoto waliokuwa wakilisha bata, tukampita mzee na fimbo yake ya uvuvi, wakatutazama kwa adabu wakaangalia pembeni. Nilipendekeza turudi ngomeni, ndani ya zile kuta nene ambamo mtu angeweza kupiga kelele hata za mizinga, lakini tulipofika darajani geti lilikuwa limefungwa kwa siku hiyo. Tukasimama tukiitazama. Akasema basi, atalia siku nyingine.

Hakulia. Tulizunguka mpaka taa za mji zikawaka, tukizungumza habari za baba yake. Nilimsimulia habari ya muwa, naye alikuwa haijui, akatabasamu. Akaniambia kwamba baba yake alikuwa akinitaja, kwamba aliwahi kusema yule mtoto wa miwa atafika mbali. Nilimshukuru. Tulipofika langoni akaniambia nikapumzike, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu kama tangazo lilivyosema.

Kwetu, aliyeleta habari ya msiba haondoki. Anakaa mpaka siku ya tatu, hata kama ana shamba linaliwa na nguruwe. Mimi Jumapili asubuhi nilikuwa stesheni, kwa sababu karatasi yangu ya polisi ilikuwa inakwisha na mtihani wa pampu ulikuwa unaningoja. Alikuja kuniaga akiwa amevaa sare, zamu yake ilikuwa inaanza. Akanipa samaki waliobaki kwenye karatasi ya mafuta. Nilimwambia samahani. Akasema, "Nenda, kaka. Umefika, inatosha." Treni ilipoondoka nilimwona anageuka kabla behewa langu halijampita, anakwenda kazini kwa hatua za haraka.

Na hapo pia lazima niseme kweli: treni ilipoingia kwenye miti nilijisikia mwepesi. Nilikula wale samaki wote kabla ya saa sita. Halafu nikajichukia, njia yote mpaka baharini.

Stockholm ilinipokea kama ilivyoniaga, haikuuliza. Bibi mwenye nyumba ndiye aliyeuliza, siku ya tatu, tulipokutana penye orodha ya kufua. Nilimwambia ngome ni nzuri, nikamsimulia habari za kondoo mweusi, naye akafurahi kwa sababu alikuwa amezisikia akiwa mtoto. Tulizungumza dakika tano. Kisha nikapanda chumbani na kukaa kitandani na koti langu, na sufuria sikuisemesha siku hiyo wala wiki hiyo. Niliona haya mbele ya Kiswahili chenyewe.

Barua yake ilikuja mwezi wa Novemba. Alianza na salamu, kama baba yake alivyotufundisha, tarehe juu kulia. Akasema alifanya kazi wiki mbili bila kulia, na watu walimsifu kwa ushupavu wake. Kisha siku moja alikuwa anamlisha mwanamke mzee sana, mmoja wa wale wa upande wa pili wa mpaka, na yule mzee akakataa kijiko akamtazama muda mrefu, akamuuliza ni nani aliyekufa. Yeye akamjibu, baba. Yule mzee akavuta kitambaa chake cha kichwa mpaka kikamfunika uso, akaanza. Alilia kwa maneno, kwa kuvuta, kwa kupanda na kushuka, akimwita marehemu, akimuuliza kwa nini ameondoka bila kuaga. Alikuwa akilia kama wanavyolia kwetu. Kumbe kwao nako wanalia hivyo, aliandika, huko walikotoka. Mzee huyo alikuwa mlizaji wa kijiji kizima, na tangu wahamishwe hakuna mtu aliyemwita amlilie maiti.

Mwenzangu alipiga magoti pale pembeni ya kitanda, akapiga yowe. Mzee akalipokea. Wauguzi walikuja mbio, na daktari nyuma yao, na muuguzi mkuu, mwanamke ambaye yeye alimwogopa kuliko wote, akawatazama wawili wale, akawatoa watu wote nje, akafunga mlango akasimama mbele yake kwa nje asipite mtu. Walilia mpaka chakula cha mchana, mmoja kwa Kibena, mmoja kwa lugha ya kwao. Halafu akamwosha mzee uso, akamlisha uji uliokuwa umepoa.

"Sasa nimetua," aliandika. "Nalala vizuri. Lakini wewe, kaka, alikuwa mwalimu wako kabla hujanijua mimi. Siku ile ulinitafutia mahali pa kulia mji mzima, nami sikukuuliza. Wewe ulilia wapi?"

Nilimjibu baada ya wiki tatu. Nilimwambia kwamba nimefaulu mtihani wa pampu, na kwamba huku theluji imeanza mapema mwaka huu.